Kitanda nimekinunua kabla hakijapakwa vanishi: mafundi wa barabara ya Nyakato, nawapa nyota nne

Naanza na hela mana najua ndo kitu mnachokitafuta. Nilikuwa na laki tisa. Hiyo ni baada ya kulipa kodi ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali (kazi yake ilikuwa kunionesha mlango usio na hata kufuli), chumba na sebule, Mabatini hapa Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Ndani kulikuwa na balbu moja tu ya sebuleni na hiyo nadhani mpangaji aliyehama aliisahau. Nimekaa kwa shangazi Kirumba miaka minne, nalala na binamu zangu wawili kitanda kimoja, harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia dirishani mpaka kwenye shuka, nikasema mwaka huu nahama hata kama nitalala kwenye mkeka. Na nililala kwenye mkeka kweli, siku kumi na moja, sababu mtaiona huko mbele.

Hii ni rivyu ya mafundi seremala wa pembezoni mwa barabara, ukitoka Mabatini unaelekea Nyakato, wale wenye mabanda ya mabati na vitanda vimeegemezwa nje vinaangalia magari. Hasa fundi mmoja ambaye simtaji mana sijamuomba ruhusa. Nitagusia na vitu vingine vya ndani ila kitanda ndo nitakisema sana, mana kitanda na godoro vimekula nusu ya hela yangu na ndo sehemu watu wengi wanapigwa.

Kosa langu naliweka mapema msije mkadhani mimi ni mjanja. Siku ya kwanza nilienda mjini kama kila mtu, duka moja la fenicha, sitataja, winga (mpiga debe wa maduka) kanidaka njiani "dada njoo uone bei ya ofa", nikaona kabati la nguo milango mitatu, kioo katikati, jeupe linang'aa, laki moja na sitini na tano. Nikaligonga kwa vidole likalia kama boksi la sabuni. Nilijua, wallah nilijua, ila kile kioo kilivyonionesha nimesimama pale na mkoba wangu nikajiona tayari mwenye nyumba, nikalipa. Sasa lile sio ubao, ni unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa na gundi, juu wakabandika karatasi. Sisi wa Mabatini tunakaa kwenye jabali, mvua ikinyesha maji yanateremka na jiwe mpaka msingi wa nyumba, sakafu inakuwa na ubaridi na unyevu hata kama hujamwaga tone. Mvua za kwanza tu za vuli, wiki mbili, miguu ya kabati imevimba kama andazi kwenye mafuta, karatasi imeachia, mlango wa kushoto haufungi mpaka uunyanyue na goti. Nikarudi dukani, jibu lao "dada hili ulilimwagia maji". Risiti niliyokuwa nayo ni ya kuandika kwa mkono, haina hata jina la duka. Nikaondoka kimya. Ushauri kwa aliyeshanunua la hivo na sakafu yake ni kama yangu, weka kitu kigumu chini ya kila mguu, mimi nimeweka vipande vya vigae vilivyobaki jirani alipokuwa anakarabati choo na tangu siku hiyo halijavimba tena. Halijapona pia.

Hilohilo duka lilikuwa na kitanda cha futi tano kwa sita, "mninga mtupu dada", laki nne na nusu, kimekolea rangi ya kahawia unaweza kujitazama usoni. Nilikitamani. Kilichoniokoa ni kwamba hela ingeisha.

Kesho yake Jumanne nikashuka kwa miguu kuelekea Nyakato nikawa napita banda kwa banda. Banda la tatu nikamkuta mzee wa kama miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa na uzi, anapiga randa na maranda yamemfika kwenye viatu. Shikamoo fundi. "Marahaba mayu, karibu ukae," (mayu ni mama kwa Kisukuma) akanisukumia stuli. Nikamwambia nataka kitanda tano kwa sita, hela yangu ndogo, na nikamuonesha picha ya kile cha mjini kwenye simu. Akaiangalia, akaikuza na vidole, akarudisha simu. "Kizuri. Ila hapa mimi naona vanishi tu, kitanda sijakiona."

Nilidhani ni roho mbaya ya biashara. Kumbe alikuwa na maana yake. Akanipeleka nyuma ya banda kulikuwa na kitanda cha mteja kimerudishwa kutengenezwa, hakukitengeneza yeye, kimepakwa rangi nzito karibu na nyeusi. Akachukua patasi akakwangua pembeni, pale ubao wa ubavuni unapokutana na kichwa cha kitanda. Rangi ikatoka kama ganda, na chini yake kikaanza kudondoka kitu kama ukoko wa ugali, unga wa mbao umekorogwa na gundi ukajazwa kwenye pengo. Alipomaliza kukwangua pengo lilikuwa linapitisha sarafu ya mia, aliipitisha mbele yangu ikaangukia upande wa pili. Ule ubao ulikuwa umeshikwa na misumari miwili na huo ugali basi. Mwenye kitanda alikuwa analalamika kinapiga kelele usiku, jamani kisipige kelele kwa nini.

Halafu akanionesha cha kwake ambacho hakijapakwa kitu. Kichwa tu kimeegemea ukuta, cheupe chenye unjano wa mbali, bado kinanukia mti. Akaniambia pitisha ukucha hapa. Nikapitisha kwenye kiungo, ukucha ukateleza haukuingia. Mbao moja imechongwa kama ulimi na nyingine imetobolewa tundu, ulimi umeingia tunduni na gundi, msumari hamna. "Kabla hakijavaa nguo, mayu, hakina pa kuficha." Hapo ndo nilipokata shauri kwamba mimi kitanda changu nakichukua kikiwa uchi, na ndo kitu ninachotaka kuwaambia kwenye andiko hili lote, mengine ni nyongeza.

Sasa somo la mbao nililopewa pale bure nawapa na nyie. Mninga una sehemu mbili. Ya ndani, moyo wa mti, ndo ile ya kahawia yenye wekundu, nzito, ndo tunayoilipia. Ya pembeni karibu na gome ni nyeupe, na hiyo nyeupe bungua, wadudu wa mbao, wanaipenda kama sisi tunavyopenda sato wa kukaanga, wanaitoboa unaanza kuona unga mwembamba chini ya kitanda kila asubuhi. Ukishapaka rangi ya kahawia yote inakuwa "mninga mtupu". Sisemi lile duka la mjini lilitaka kunidanganya, inawezekana kile kitanda ni moyo mtupu kweli, ila mimi niliyesimama pale na laki nne na nusu mkononi nisingekuwa na namna ya kujua. Kitanda cha mninga ambacho hakijapakwa rangi unaona mwenyewe wapi nyeupe inaanzia.

Mimi wa mninga sikuwa. Nikachukua paini. Najua wengi mnaidharau paini, mnasema ya mabenchi ya shule na ya kufungia zege, na kweli ni laini, ukiikwaruza na ufunguo inabaki alama. Lakini kwa bei yangu bora paini nzima iliyounganishwa vizuri kuliko mninga wa kuhadithiwa. Vitu vya kuangalia kwenye paini ni vitatu vinne hivi. Kwanza iwe imekauka, chukua vipande viwili vya saizi moja unyanyue kila mkono, kizito zaidi bado kina maji, kitapinda au kupasuka kikiwa nyumbani kwako. Halafu yale macho, ile duara nyeusi pale tawi lilipokuwa. Kwenye kichwa cha kitanda jicho ni pambo, lakini kwenye chaga, zile mbao za kulalia godoro, jicho likikaa katikati ndo hapohapo itakapokatikia siku umekuja na mgeni. Fundi alinimwagia chaga chini kama ishirini akasema chagua mwenyewe, nikachagua kumi na mbili zisizo na macho katikati, dogo wake anacheka ananiambia dada unachagua chaga kama unachagua nyanya. Na uulize dawa ya wadudu, paini isiyopigwa dawa ni chakula. Elfu tano ya dawa niliongeza na nikasimama pale mpaka ikapakwa.

Chaga kumi na mbili ni nyingi ndo, vitanda vingi vya bei hii vinawekewa saba au nane zimeachana kiasi kwamba paka anapita, godoro linazama kwenye mapengo na wewe unalaumu godoro. Na nikaomba ubao wa katikati unaokimbia kutoka kichwani mpaka miguuni na uwe na mguu wake wa kukanyaga chini. Huo mguu mmoja wa katikati usiusahau kabisa.

Jambo lingine ambalo ni la sisi wa milimani. Uliza kinafungukaje. Jirani yangu wa nyumba ya chini alinunua sofa la L, zuri, la kijivu, toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) ikalileta mpaka chini ya mlima, vijana wakalibeba mpaka kwenye yale mawe mawili ambayo sisi wote tunapita katikati yake kwa ubavu, likakwama. Wakalisimamisha, wakalilaza, wakalipindua miguu juu, wapi. Lilikaa pale kati ya mawe kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, watu tukienda kuchota maji tunazunguka, watoto wamelikalia wanaangalia mji, kuna mama akasema bora liachwe hapohapo liwe kijiwe. Likarudi chini, kaliuza kwa hasara. Nilipomhadithia fundi hakucheka, alichukua penseli sikioni akaandika ubaoni "bolti 8". Kwa hiyo kitanda changu ubavu na kichwa vinashikwa na bolti nane na nati zake, spana namba 13 moja inafungua chote, kinakuwa vipande vinne na furushi la chaga. Bolti zikilegea baada ya mwezi unakaza mwenyewe. Nimeshakaza mara moja.

Bei. Alianza laki mbili na ishirini. Nikamwambia mzee wangu mimi mtoto wako naanza maisha. Akasema wote wanaokuja hapa wanaanza maisha, wanaomaliza hawanunui vitanda. Tukaenda tukaenda, tukatua laki na sabini, bila vanishi, mana angepaka yeye ni thelathini zaidi. Nikaacha advansi ya laki moja, akaandika kwenye daftari na mimi nikapiga picha ule ukurasa. Msilipe yote kabla, nawaambia, hata fundi akiwa mtakatifu.

Mana huyu mtakatifu aliniambia Jumamosi.

Jumamosi nikaenda, kichwa kimekaa palepale kilipokuwa. Umeme ulikatika, mashine ya kukatia haikufanya kazi. Jumatatu kulikuwa na msiba Misungwi. Jumatano mbao za ubavuni hazijaja. Hapo nikakasirika kidogo nikamwambia fundi mbao zinatoka Ulaya? Akasema zinatoka ng'ambo hapo, Buchosa, shamba la miti la Buhindi, mengine Sengerema huko. Nikamwambia si daraja tayari, mana lile la Kigongo-Busisi, la kuvuka ziwa, limefunguliwa Juni 2025, lori halisubiri tena kivuko, kilomita tatu linavuka dakika chache tu. Akanyamaza kidogo akasema "daraja limekwisha mayu, mwenye lori ndo bado." Na bei ya mbao je, imeshuka? Hapo ndo akacheka mpaka akavua miwani. Kitanda nikakipata Ijumaa, siku sita baada ya Jumamosi yenyewe. Ndo nyota moja niliyomkata hiyo, na angekuwa na nyota za nusu ningemkata na nusu, mana mtu niliyechukua ruhusa kazini mara mbili (nauza duka la dawa, ruhusa zenyewe za kuhesabu) nafika pale naambiwa msiba. Simu anayo. Angepiga.

Mnauliza siku zote hizo kwa nini nililala kwenye mkeka na godoro nilikuwa nalo. Ndio nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama ukutani kwenye nailoni yake linaniangalia. Sakafu ile niliyowaambia, yenye unyevu, ukilaza godoro jipya chini wiki mbili unaligeuza unakuta madoa meusi ya ukungu na harufu haitoki tena, shangazi alinikataza kabisa na kwa hili nilimsikiliza. Mkeka ukilowa unauanika juu ya jiwe, nusu saa umekauka.

Godoro nilitangulia kulinunua kabla ya kitanda na nashauri hivo, sababu tano kwa sita ya fundi na tano kwa sita ya kiwanda sio lazima ziwe ndugu. La kwangu nililipima likazidi inchi mbili kwa urefu, nikampelekea fundi kipimo cha godoro, sio "tano kwa sita". Na mkumbushe kipimo ni cha ndani ya kitanda pale godoro linapolala. Kuna dada kazini kwetu godoro lake limepinda pembeni kama kingo za mtumbwi.

Kwenye duka la magodoro nilienda na tepu ya fundi cherehani mfukoni. Muuzaji mmoja, duka la kwanza, kaniambia hili unene inchi nane, nikatoa tepu nikapima mbele yake, saba. Akasema ni kwa sababu limekaa sana limebanwa, litapanda. Nikamwambia likipanda unipigie. Duka la pili inchi nane ilikuwa nane. Hapo nikafanya lile jingine, magodoro mawili ya saizi moja na unene mmoja nikajaribu kuyanyanyua, la bei ya chini nililiinua na mkono mmoja, jingine likanishinda. Nikachukua lililonishinda. Sponji ikiwa nzito kwa saizi ileile maana yake imeshiba, nyepesi ni hewa tu, miezi sita imetengeneza shimo la umbo lako. Bonyeza na goti uondoe, uangalie inarudi haraka au inafikiria kwanza. Laki mbili na sitini na risiti ya EFD, hii sikurudia kosa la kabati, nilisimama pale mpaka mashine ikatoa karatasi, na alama ya TBS (shirika la viwango) nikaikagua kwenye lebo. Ni hela nyingi kuliko kitanda chenyewe najua, mama yangu alivyosikia alishika kichwa. Mgongo ni wangu.

Siku ya kukibeba toyo ilichukua elfu kumi mpaka chini ya mlima, vijana wawili wakapandisha kwa elfu tatu kila mmoja, safari mbili tu. Kwenye mawe yale mawili kichwa cha kitanda kilipita kimesimama, kimebakiza vidole viwili. Jirani wa sofa alikuwa amekaa mlangoni anaangalia, hakusema kitu.

Vanishi nikapaka mwenyewe Jumapili, nje, juu ya jiwe la mbele. Vanishi, tina (ya kuzimulia vanishi), msasa na brashi vyote elfu kumi na tano. Dogo wa fundi alinielekeza, msasa mkali kwanza halafu laini, ufuate mistari ya mbao usikate kati, futa vumbi na kitambaa chenye tina, paka ya kwanza nyembamba iache ikauke, msasa laini kidogo tena, paka ya pili. Mkono uliniuma mpaka Jumanne. Nilivyomaliza ya pili nikaingia ndani kunywa maji, nikatoka nakuta kuku wa mama mwenye nyumba anatembea juu ya kichwa cha kitanda kama mkaguzi. Nyayo tatu zimebaki, kona ya kulia, ukiwasha taa unaziona. Nilitaka kuzisugua nikaacha. Kiacheni nje au madirisha wazi siku mbili kabla hamjalala, ile harufu inaumiza kichwa.

Kwa ufundi sasa. Nimelala miezi miwili. Hakilii. Tumekaa watu watatu pembeni siku dada zangu walivyokuja, kimya. Ubao mmoja wa ubavuni ulipasuka nyufa ndogo ya kama kiganja karibu na bolti, nadhani ule wa lori ulikuwa na maji kidogo na yeye aliharakisha kwa sababu nilimpigia kelele, nikampigia simu, akamtuma dogo na kibanio na gundi, akaibana usiku kucha, haikuongezeka. Hakunidai hata nauli. Linganisha na "dada ulilimwagia maji".

Na vile vipande vilivyobaki nikamwambia nitengenezee stuli mbili, elfu nane nane. Moja ni ya kukalia, nyingine ndo meza ya kulia, ya pasi, ya simu na ya mgeni.

Mengine harakaharaka. Mapazia nilienda Mlango Mmoja, soko la mtumba, asubuhi siku ya kufungua belo (furushi la mtumba), madirisha mawili na mlango, elfu ishirini na nane, kitambaa kizito ambacho dukani nisingekigusa. Kiangalie dhidi ya jua kabla hujalipa, pazia la mtumba lililopigwa na jua la huko lilikotoka linakuwa na mistari myepesi na linachanika ukilifua mara ya kwanza. Fimbo za pazia sikununua, fundi alinipa mbao nyembamba mbili. Neti elfu kumi na tano, huku ziwani mbu hawaendi likizo. Jiko la gesi na mtungi mdogo wa kilo 6, elfu sitini na tano, mwambie muuzaji aweke mzani, uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwenye mtungi wenyewe, toa hiyo uone gesi ni ngapi. Masufuria matatu, sahani, vikombe, kisu na mwiko, elfu sitini. Ndoo, madumu mawili ya lita 20, diaba na beseni, thelathini na tano. Mkeka kumi na mbili, na huo ndo kitu kilichofanya kazi kuliko vyote kwa bei yake.

Piga hesabu inakuja laki nane na sitini na mbili elfu. Zikabaki thelathini na nane, nikaweka umeme wa elfu kumi na kununua sato mmoja mkubwa, nikamkaanga mwenyewe kwenye jiko langu nikamla nimekaa kwenye stuli. Sebule haina kitu mpaka leo, ni mkeka na pazia. Wageni wanavua viatu wanakaa chini, na hakuna aliyeondoka mapema kwa sababu hiyo, tena wanakaa sana.

Ningekuwa naanza upya zile laki moja na sitini na tano za kabati zingeenda kwa fundi. Nguo zingekaa kwenye begi miezi miwili, zingekufa? Ndo nimeagiza kabati la mbao kwake wiki iliyopita, la milango miwili, miguu mirefu kwa ajili ya sakafu, na nimemwambia sitaki lipakwe kitu mpaka nilikague. Advansi nimetoa elfu themanini, picha ya daftari ninayo. Kasema Jumamosi. Nimemuuliza ya tarehe ngapi, akaanza kupiga randa.